Baba Mkwe Alinikuta Uchi

Baba mkwe ameondoka sasa hivi. Vumbi la bodaboda iliyombeba bado linaelea juu ya migomba, na mimi nimesimama uani nikijifanya nageuza kahawa iliyoanikwa, ingawa imegeuzwa tangu asubuhi. Ndani yuko mke wangu. Ana neno nami, na kwa jinsi anavyozigonga sufuria, si neno moja.

Mzee hakupiga simu. Wazee wa Rugu, huku Karagwe, hawapigi simu kwenda kwa mkwe. Wanapiga hodi, tena hodi moja, ya pili unaisikia mtu keshavua viatu. Alinikuta nimekaa mkekani, mgongo mlangoni, pedi ya PlayStation mikononi, jasho linanitoka. Kwenye runinga alikuwa amesimama jamaa mmoja mkavu, mbavu zinahesabika, kichwani hana unywele, mwilini hana nguo ila kitambaa cha kusitiri aibu. Mbele yake dubwana lenye tumbo lililoning'inia mpaka magotini, limeshika nyundo ya gogo zima.

Mtu aliyelelewa anajua la kufanya baba mkwe akiingia. Unasimama. Unaweka chini ulichoshika. Unapokea fimbo na mfuko, unainama, unatoa shikamoo, halafu unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba na za mvua, na kila habari ina jibu lake. Salamu ya huku haikatizwi. Na gemu lile halisimami. Nitaeleza baadaye kwa nini halisimami, maana jambo hilo limenikaa rohoni, lakini kwa sasa jua hivi tu: hakuna kitufe cha kumwambia dubwana asubiri usalimie wakwe.

Nikaweka pedi chini, nikasimama.

"Shikamoo, baba."

Nyuma yangu, puu! Gogo limetua juu ya mtu.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, baba. Karibu ukae."

Puu!

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

Kikapita kimya kifupi. Nilikijua kimya kile. Ndicho dubwana hukitumia kuinua nyundo.

"Na kahawa, mmeanza kuchuma?"

Puu! Kisha ukasikika mvumo mzito wa chini, na maandishi mekundu ya Kiingereza yakatanda kioo kizima. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Hawezi kupita mbele ya maandishi bila kuyasoma. Akatoa miwani kwenye mfuko wa koti, akaifuta, akaivaa, akasoma taratibu.

"Wanasema umekufa."

"Ndiyo, baba."

"Pole."

Pangeishia hapo ningekuwa ndani sasa hivi nakunywa chai. Lakini gemu hilo likikuua linakufufua, na yule jamaa akainuka tena kando ya moto wake, mkavu vilevile, uchi vilevile. Hapo mwanangu wa miaka mitano, ambaye siku zote ukimtuma maji hasikii, akaona babu yake hajaelewa vizuri. Akamshika mkono, akamsogeza mpaka kwenye runinga, akaweka kidole juu ya kitambaa cha kiunoni.

"Babu, huyu ndiye baba."

Mzee akainama. Akamtazama yule wa kwenye kioo, akanitazama mimi, akamtazama tena yule. Sijui alikuwa anawaza nini. Nahisi alikuwa anazipiga upya hesabu za mahari. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyezoea kusuluhisha kesi za mipaka ya mashamba:

"Na huyu mkubwa anayekupiga, anakudai?"

Nilishindwa kumjibu. Acha basi nijibu hapa.

Gemu linaitwa Dark Souls. Lilitoka Japani mwaka 2011, likatengenezwa na kampuni iitwayo FromSoftware, na mwenye kuliongoza alikuwa Hidetaka Miyazaki. Huyu bwana amepata kusimulia kwamba utotoni kwao hapakuwa na fedha ya kununua vitabu, akawa anaazima maktaba, na kwa kuwa vingine vilimzidi kimo, pale asipoelewa alijazia kwa kichwa chake mwenyewe. Alipofika miaka 29 akaacha kazi yenye mshahara mnono zaidi, akaingia kwenye kutengeneza magemu. Ukijua hayo unaelewa kwa nini ndani ya gemu lake hakuna anayekuelekeza. Unaamka gerezani, mtu usiyemfahamu anakurushia maiti kutoka darini, maiti ina ufunguo, basi. Kazi kwako. Sisi tuliosoma vitabu vya kiada bila kamusi tumo humo humo, ila hatukupata fedha.

Sasa la kutosimama. Katika magemu mengine ukibonyeza kitufe cha katikati dunia inaganda. Mpira unabaki hewani, refa anabaki na filimbi mdomoni, unakwenda zako kufungulia mbuzi. Katika Dark Souls ukifungua orodha ya vitu vyako dunia inaendelea. Unapekua mfuko kutafuta dawa, na huku nyuma dubwana linakuja. Nilidhani ni ukatili mtupu mpaka nilipoelewa sababu yake mojawapo: gemu limejengwa ili watu wengine, popote walipo duniani, waweze kuingia kwenye mchezo wako kupitia intaneti, wengine kukusaidia, wengine kukuua. Dunia mnayoishi watu watatu haiwezi kuganda kwa ajili ya mmoja ambaye mkwe wake amefika. Hata nikicheza peke yangu bila bando, kanuni inabaki ile ile. Njia pekee ya kusimama ni kutoka kabisa, na kutoka kunahitaji kupita ukurasa baada ya ukurasa, jambo ambalo haliwezekani ukiwa umeinama unatoa shikamoo.

Hiyo habari ya kusaidiana nayo ina chanzo kizuri. Miyazaki anasema alikuwa anapanda mlima kwa gari wakati wa theluji, gari la mbele likakwama, na yake na ya wengine yakakwama. Mmoja wa nyuma akalisukuma gari la mbele yake, na hivyo hivyo mpaka wakafika juu, lakini hakuna aliyeweza kusimama kuwashukuru wenzake, maana ukisimama unarudi bondeni. Ndipo akawaza gemu ambalo mtu usiyemjua anatokea, anakusaidia, anatoweka. Nilipolisoma hilo nilimpenda mzee huyu mara moja. Aliyewahi kusukuma Noah kwenye utelezi wa milima yetu mwezi wa Aprili, akaachwa na matope usoni huku gari likitokomea bila hata honi, anajua hasa kinachosemwa. Tatizo langu ni bando. Mimi nacheza bila intaneti, kwa hiyo hakuna wa kunisukuma.

Na dubwana lile la kwanza, ambalo baba mkwe anadhani linanidai, limewekwa kwa hila. Unapokutana nalo mara ya kwanza huna silaha. Mkononi una kipini cha upanga uliovunjika, kitu ambacho huku usingekatia hata mkia wa panya. Watengenezaji hawakukusudia ulipige. Wamekusudia ukimbie: upande wa kushoto wa ukumbi kuna mlango, unapita, chuma kinashuka nyuma yako, unakwenda kutafuta silaha zako, unapanda ngazi, unarudi ukiwa juu yake, unajitupa kutoka kwenye ubaraza na kumchoma kichwani. Pigo hilo moja linamaliza sehemu kubwa ya uhai wake. Ni mpango mzuri ajabu. Mwanzo kabisa wa gemu, kabla hujajua kitu, unafundishwa kwamba kukimbia ni akili. Mimi niliujua mpango huo kutoka kwa mtoto wa jirani, wa kidato cha pili, aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli. "Mjomba, mbona kuna mlango hapo kushoto?" Kisha akachukua pampu akaenda.

Sasa nije kwenye uchi, maana ndilo shtaka lenyewe.

Uchi ule ni hesabu. Kila kitu unachovaa katika gemu lile kina uzito, na kila mhusika ana kiwango anachoweza kubeba. Kiwango hicho ni 40, ukijumlisha namba ya ustahimilivu wake. Wangu ana ustahimilivu wa 11, kwa hiyo mwisho wake ni 51. Ukibeba chini ya robo ya kiwango chako, unaviringika haraka na kuinuka haraka. Ukivuka robo mpaka nusu, unaviringika kwa wastani. Ukizidisha nusu, unajitupa chini kama gunia la kahawa linaloshushwa kwenye lori, na unabaki hapo chini ukitafakari. Na kuviringika ndiyo roho ya gemu lote, kwa sababu katikati ya kuviringika kuna kipande kidogo sana cha sekunde ambacho pigo lolote linapita mwilini mwako bila kukudhuru. Si kwamba limekukosa. Limekupitia, na mashine imeamua kutohesabu. Ukijua kuviringika ndani ya nyundo, badala ya kuikimbia, hakuna dubwana la kukuweza. Kwa hiyo robo ya 51 ni 12.75, na mtu anayetaka kubaki chini ya 12.75 havai koti la chuma. Anavaa kitambaa. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mzee, kwa sauti ya utulivu, nikimmiminia chai. Badala yake nilisema, "Ni kwa ajili ya joto, baba."

Joto. Karagwe hii ya baridi.

Tena mtu asidhani nilimwacha yule jamaa uchi na mkavu kwa uzembe. Nilimtengeneza. Gemu linakuruhusu umuumbe mhusika wako kabla hujaanza, na nilikesha kwenye kazi hiyo na mke wangu pembeni akiwa mshauri. Kwanza unachagua asili yake. Kuna mpiganaji, shujaa wa farasi, mwizi, mwindaji, mchawi, mtu wa dini, na wengine, jumla aina kumi. Mwisho wa orodha yuko mmoja fukara, hana chochote ila rungu na ubao wa kujikingia, namba zake zote 11. Mke wangu akasema huyo ndiye mwenye ukweli. Mimi nikavutwa na rungu. Rungu, hapa Rugu, nikaona imeandikwa.

Kisha unachagua zawadi ya kwenda nayo. Kuna mabomu meusi ya kurusha, ambayo ukiyachukua unaweza kulimaliza dubwana la gereza mara ile ya kwanza bila hata kukimbia. Kuna ufunguo unaofungua milango mingi. Na kuna kidani, ambacho maelezo yake yanasema hakina kazi, ni kumbukumbu tu. Nilichukua kidani. Nilijiambia, hakuna mtu anayetengeneza kitu kisicho na kazi akakiweka kati ya vitu vyenye kazi. Hapo pana siri. Na si mimi peke yangu: Miyazaki mwenyewe alipoulizwa angechagua nini, akataja kidani, na watu dunia nzima wakapoteza miezi wakikizungusha kila kona, wakikivaa, wakikiangusha mbele ya kila sanamu. Mwaka 2012 akakiri kwamba ulikuwa utani wake. Hakina kazi. Ninacho mpaka leo.

Halafu umbo. Kuna mwili wa wastani, mwembamba, mwembamba sana, mkubwa, mkubwa sana, aliyejaa juu, aliyejaa chini, na hata mwenye kichwa kidogo, yaani mtu aliyeketi Japani akalipwa mshahara aliona kuna mteja atakayetaka kichwa kidogo. Mke wangu aliposogeza kile cha aliyejaa chini alicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka sana. Sisi wa Karagwe tuna historia na watu wanaopima maumbo.

Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika akitafuta chanzo cha Mto Nile. Katika mambo aliyoyaona ya kustaajabisha, moja lilikuwa wanawake wa nyumba ya kifalme, walionenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama ikawa shida, unene ukiwa ndio heshima yenyewe. Akamwomba shemeji wa mfalme amruhusu ampime. Akachukua vipimo, na akaviandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1863 ili watu wa London wavisome: mkono, futi moja na inchi 11, ambayo ni kama sentimita 58, na paja, na kigimbi, na kifua. Mwanamke wa watu, ndani ya nyumba yake, amegeuzwa orodha ya namba. Lakini kuna jambo ambalo Speke mwenyewe analisimulia bila aibu: ili akubaliwe kupima, alimwahidi mama yule kwamba naye atamwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Na akaonyesha. Kwa hiyo nikihesabu vizuri, mimi ni wa pili kukutwa nusu uchi mbele ya ukoo wa wakwe katika nchi hii, na wa kwanza wamemwekea vitabu.

Turudi kwenye sura. Hapo ndipo usiku ulipoisha. Kuna mistari ya kusogeza kwa kila kitu: upana wa paji, urefu wa pua, umbali kati ya macho, unene wa midomo, kidevu kitoke kiasi gani. Ukisogeza pua kidogo, shavu linaanguka. Ukiinua shavu, jicho moja linaonekana limesikia habari mbaya. Nilikuwa natafuta sura yangu ya siku ya harusi. Mke wangu akachukua albamu, akailaza magotini, akawa anaita: "Pua yako si hiyo. Punguza. Punguza, baba nanihii, hiyo ni ya kaka yako." Tukapata sura. Nasema kweli, alikuwa mtu wa kutazamika, ana utulivu fulani. Nikabonyeza kitufe cha kukubali.

Gemu likaanza, na gerezani akaamka maiti.

Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa. Mhusika wako ni mtu aliyekwisha kulaaniwa, na anapoanza safari anaonekana amenyauka, uso umeliwa, midomo haipo. Ile sura uliyokesha nayo imefichwa chini ya ngozi iliyonyauka. Ili uione ni lazima upate kitu adimu wanachokiita ubinadamu, ukitoe sadaka kwenye moto, ndipo mwili unarudi. Ukifa, unanyauka tena. Na wewe utakufa. Hilo ndilo gemu. Basi nikahangaika, nikapata ubinadamu, nikautoa kwenye moto, jamaa akasimama na uso wangu wa harusi, nikamwita mke wangu aje aone haraka. Alipofika alikuta mifupa miwili imenirukia kutoka makaburini, na jamaa amekwisha kunyauka. Hajawahi kumwona. Baba mkwe naye, katika saa zote za siku ambazo angeweza kufika, hajamwona.

Hayo ninayavumilia, kwa sababu ni hadithi yao na wameitunga kwa akili. Nisiloweza kuvumilia ni nywele.

Ukifika kwenye orodha ya nywele unakuta zilizolala nyuma, zilizofungwa mkia, zilizopasuliwa katikati, zilizotimka, zilizokatwa mviringo, upara wa kuanzia mbele. Hata wa upara wamefikiriwa. Zile walizoziita za kujikunja ni mawimbi ya ufukweni. Ngozi unaweza kuivuta ikawa nyeusi, sawa, lakini juu ya ngozi hiyo utaweka singa, au utanyoa. Mke wangu alizipitia zote kimya. Yeye anasuka majirani siku za Jumamosi, anajua kichwa ni kazi. Alipofika mwisho akasema, "Mnyoe tu," akainuka kwenda kuangalia mtoto. Ndiyo maana jamaa hana unywele. Mzee alidhani nina ugonjwa.

Watu watakwambia ni suala la kompyuta, kwamba nywele zetu ni ngumu kuzihesabu. Ni kweli ni ngumu, na ugumu wake ni mtamu kuusikia. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani, kati yao Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale na A. M. Darke wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walitoa kazi juu ya nywele zilizojiviringa sana. Walionyesha kwamba karibu na ngozi nywele hizo hushikana zikajiviringa kwa pamoja. Kwamba unywele mmoja unaweza kuanza kuzunguka kulia, ukabadili nia njiani ukazunguka kushoto. Na kwamba wengine hulikimbia kundi lao wakachomoza peke yao. Mambo haya msusi yeyote wa huku kwetu Omurushaka angewaambia bure, tena huku anakula muhogo. Lakini tazama mwaka: 2024. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, hesabu za nywele kwenye kompyuta ziliwekezwa kwenye singa, kisha tukaambiwa zetu ndizo ngumu. Kitu usichokifanyia kazi lazima kikae kigumu. Walioweza kuhesabu namna joka linavyotapika moto juu ya daraja, na namna nyundo inavyopita mwilini mwa mtu anayeviringika, wasingeshindwa na kipilipili. Hawakukitaka. Mtoto wangu anapokaa mbele ya kioo kile akajifunza kwamba shujaa mweusi ama ana nywele za mtu mwingine ama hana kabisa, hilo silichekei.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Nilimpiga rungu mhunzi kwa kubonyeza kitufe kisicho chake, akawa adui yangu, na msamaha katika gemu lile unauzwa, roho 500 mara ngazi uliyofikia. Umeme ulikatika nikiwa nimebakiza pigo moja, na hii ni nchi ambayo Mto Kagera unazungusha mitambo ya megawati 80 pale Rusumo, tukigawana na Rwanda na Burundi. Pedi ilimwagiwa uji. Mke wangu aliishika pedi hiyo hiyo yenye uji, akalimaliza dubwana, akanirudishia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba magemu haya yote yanahangaika kubuni kitu ambacho sisi tulikuwa nacho. Speke anasimulia alivyoambiwa kuhusu kutawazwa kwa Rumanyika. Baba yake, Ndagara, alipofariki, walibaki ndugu watatu wenye kugombea: Rogero, Nnanaji na Rumanyika. Ikawekwa chini ngoma ndogo, nyepesi, lakini imefungwa kwa dawa kiasi kwamba asiyestahili haiinui. Wawili wakashindwa hata kuisogeza. Rumanyika akainyanyua kwa kidole. Na jaribio lingine: mfalme mteule aliketishwa mahali maalumu, ardhi ikapanda naye juu, ikipanda mpaka mawinguni, kama kiti ni halali yake inamshusha taratibu, na kama si halali inaporomoka ghafla naye anasagika. Niambie hapo kimepungua nini. Kuna mtihani wa kwanza, kuna wa pili, kuna ndugu aliyeshindwa, Rogero, akakimbia na kurudi na vita. Kuna Bweranyange, iliyokuwa ikulu ya Karagwe, yenye fuawe na mikuki na ng'ombe wa chuma waliofuliwa na wahunzi wa nchi hii. Mhunzi tunaye, wala hatutampiga rungu.

Na usiseme Waafrika hawawezi. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, iliyoanzishwa na Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, gemu la mapigano na safari, la mfalme kijana anayepinduliwa siku ya kutawazwa na kwenda kutafuta nguvu za wahenga wake ili arudi. Linachezwa kwenye kompyuta, si kwenye mashine yangu, na kompyuta sina. Lakini lipo. Wameliandika wenyewe, wamewachora watu wao wenyewe, na hawakumwomba mtu ruhusa ya kuweka nywele.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma programu Dar, Dodoma au Mbeya, na unaendelea kutengeneza kila mwaka programu nyingine ya kuagiza chipsi: acha kidogo. Njoo Karagwe, panda mpaka Bweranyange, zungumza na wazee. Hadithi ipo, ngoma ipo, falme za jirani za kupigana nazo zipo pia. Fedha sijui utaipata wapi, ila mimi nitakuwa mnunuzi wa kwanza, na baba mkwe, akishanisamehe, atakusahihishia maandishi. Anza na nywele.